Tulivyosubiri nyumba tukiwa watu saba vyumba viwili, Ngarenaro

Mdogo wangu, umeuliza kama uendelee kusubiri nyumba ya umma uliyoiombea barua miaka mitatu iliyopita, au mchukue hela ya kikoba mkanunue kiwanja pembeni ya mji. Umesema mko vyumba viwili Levolosi, hapa Arusha, watoto wanne, na mama mkwe anakuja kuishi nanyi baada ya kuugua. Nimelisoma swali lako mara mbili, nikaona ni maisha yangu kabisa. Nitajibu kwa urefu, nivumilie.

Sisi tulipanga Ngarenaro miaka tisa, kuanzia 2011. Tuliingia watu watatu, chumba na sebule, choo cha nje tunachangia kaya tano. Hatukuwa na neno. Kufika 2016 tulikuwa saba, maana mama yangu mzazi aliletwa kutoka Rombo miguu ilipomchosha. Sebule ikalala watu watano. Nilifunga waya ukuta hadi ukuta nikaning'iniza vitenge: upande huu mama na mabinti wawili, upande ule wavulana. Kitanda cha mama tulikiinua kwa tofali ili gunia la mahindi na mabegi ya shule yakae chini yake. Godoro la wavulana liliziba mlango, kwa hiyo akiamka mmoja usiku kwenda chooni, wote tumeamka. Binti yangu mkubwa alipofika kidato cha pili alikuwa anabadilishia nguo chooni, nje, saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Julai ya Arusha unaijua.

Ndiyo maana nakuambia, wewe usianze na bei, anza na vyumba. Umoja wa Mataifa kwenye mambo ya makazi wanahesabu kwamba wakizidi watu watatu kwa chumba, hapo pamesongamana. Sensa ya 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, na nyumba nyingi za kupanga unazoonyeshwa zinaitosha hiyo kaya ya wastani. Sisi wenye watoto wanne na bibi tunabaki kuombaomba. Kuna mara dalali alinipeleka Sakina, vyumba vitatu, na kodi ya miezi sita tulikuwa nayo mkononi, pamoja na ya mwezi mmoja ya dalali. Mwenye nyumba akauliza swali moja tu: mko wangapi? Nilipomjibu akasema shimo la choo litajaa haraka. Tukarudi nyumbani na hela yetu. Niliumia kuliko kama ningeikosa hiyo hela.

Sasa barua. Tuliandika 2013, ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Nilifuatilia mara nne. Mara ya mwisho, 2017, kijana wa mapokezi alilipata faili letu, akasoma: familia ya watu watatu. Ndivyo tulivyokuwa siku tunaandika! Miaka minne hakuna aliyetuambia kwamba familia ikiongezeka unaandika upya. Kwa hiyo wewe wiki hii hii andika barua nyingine. Taja idadi yenu, umri na jinsia ya kila mtoto, na ugonjwa wa mama mkwe. Ambatanisha vyeti vya kuzaliwa na karatasi ya hospitali. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uitunze. Haitakugharimu chochote zaidi ya nauli.

Ila usiyapange maisha yako juu ya hiyo barua. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na nia ilikuwa mtu wa kipato cha chini apate pa kukaa. Majengo mengi ya mijini yalitaifishwa 1971 yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Aliyepata kupanga humo hatoki kirahisi, na mimi simlaumu, ningekuwa yeye nisingetoka. Miradi ya Shirika ya karibuni kama Safari City hapa kwetu imejenga nyumba za kuuza. Anayeweza kununua ni mwenye mshahara ambao benki inaukubali. Mimi nauza mitumba soko la Kilombero hapa mjini, hati ya mshahara nitaitoa wapi? Tazama pia wakazi wa Magomeni Kota, makazi ya umma ya zamani kule Dar. Kaya 644, majina yanajulikana moja moja, nyumba zao za zamani zikavunjwa, na majengo mapya yakazinduliwa Machi 2022, yapata miaka kumi tangu waondolewe. Nawafurahia kwa moyo wote. Lakini kama wenye majina kwenye orodha walisubiri hivyo, sisi wa barua je? Hili linaniuma, na nitaendelea kulisema kila kwenye mkutano wa mtaa: tunahitaji nyumba za umma za kupangisha, zenye vyumba vitatu na vinne, si za kuuza tu.

Kiwanja tulipata Muriet, 2018, kwa mgao wa kikoba na pikipiki ya mume wangu tuliyoiuza. Cha kwanza tulichopenda kilikuwa na karatasi ya mauziano na muhuri wa mtaa, kila kitu kinaonekana safi. Shemeji akasema twendeni kwanza ofisi ya ardhi ya jiji. Afisa akafungua ramani: eneo la shule. Tungejenga tukavunjiwa. Muhuri wa mtaa unaonyesha mmeuziana, hauonyeshi kwamba pale panajengwa makazi. Usitoe hata senti kabla ya kuiona hiyo ramani kwa macho yako, na kibali cha ujenzi uombe mapema.

Tulimwaga msingi wa nyumba nzima lakini tukapandisha vyumba vitatu tu, tukaezeka hivyo hivyo. Tulihamia Julai 2020, madirisha tumeziba kwa maturubai, sakafu ni vumbi. Mama alipewa chumba cha karibu na choo, na choo tulijenga ndani kwa ajili yake, kabla ya dari, kabla ya plasta. Mama mkwe wako akiwa na hali kama hiyo, choo cha ndani kitangulie kila kitu. Usiku wa kwanza binti yangu alifunga mlango wa chumba chao, akafungua, akafunga tena. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, hakuna kitu mama, nafunga tu.

Ugumu upo, sitakuficha. Watoto walipanda daladala mbili kwenda shule mwaka mzima, na kumpeleka mama kliniki ni asubuhi nzima imekwisha. Na tangu uwanja wa AFCON 2027 uanze kujengwa Olmoti, madalali wa upande huu wanataja bei wanavyojisikia, kwa hiyo tafuta na pande nyingine.

Hujasema watoto wako wana umri gani na wangapi ni wa kike. Nijibu hapo chini, pamoja na kiasi kilichopo kikobani, nikuambie kama sisi tungeanza na vyumba viwili au vitatu.