Masika kwenye kitalu cha nyumbani: linda jina la mche

Kwa sisi wenye vitalu Malindi, masika ndiyo hubeba mwaka mzima. Vuli nayo ina wateja wake, lakini tangu mvua za Aprili zishike hadi Juni zinapolegea, na hasa Mei ambao ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi huku kwetu, lango halifungwi. Tuktuk zinatoka Gede, pikipiki za Ganda zinafungwa miche nyuma kwa mipira, mzee wa Kakuyuni anataka mivinje ya kujaza shamba, bibi wa Shella anatafuta mche mmoja tu wa asmini. Wote wanataka leo, kwa sababu ardhi imelowa leo.

Nimekulia kitaluni, na sasa nakiendesha pamoja na mke wangu, mama yangu na ami yangu. Kwa mtu anayeanza kazi hii na watu wa nyumbani kwake nina neno moja kubwa: katika vurumai ya masika, linda jina la mche kuliko unavyolinda fedha.

Mchicha ukiuza mbegu mbaya, mnunuzi anajua baada ya wiki chache na unamrudishia hela yake. Mwembe haukupi nafasi hiyo. Hata ule uliobebeshwa, yaani mche wa kokwa uliounganishwa kijiti cha mwembe wa aina inayotakiwa, huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi. Mtu amechimba shimo, amebeba samadi, amemwagilia kaskazi baada ya kaskazi, amezuia mbuzi wa jirani, halafu embe la kwanza linatoka refu, limepinda ncha. Ngowe! Yeye alilipia Apple, lile la duara. Ngowe ni embe tamu mno, na wengi wetu pwani hatulibadilishi na jingine, lakini huyu ameshapatana na mnunuzi anayetaka Apple. Mti haurudishwi dukani. Atakachofanya ni kulitaja jina lako sokoni, na kila atakayemsikia atakuwa na haki ya kumwamini.

Miche midogo ya Apple na Ngowe ikikaa pamoja, mteja hawezi kuitofautisha, na hata sisi wenyewe tukiwa na haraka hatuwezi. Kwa hiyo usitegemee macho. Wino wa kalamu juu ya kifuko unaoshwa na mvua ya kwanza, na karatasi inaoza. Sisi tunakata makopo ya soda kwa mkasi, vipande vya upana wa kidole, tunaviweka juu ya ubao na kuandika kwa ncha ya msumari: aina, na mwezi wa kubebesha. Herufi zinazama ndani ya bati lile laini, mvua haiziondoi. Kipande kinatobolewa tundu na kufungwa kwa uzi uliolegea ili usikabe shina. Kazi hii tunaifanya siku ileile ami anapobebesha, kabla hajahamia aina nyingine. Ukisema utaandika jioni, jioni utakuwa unakisia.

La pili ni mikono. Masika ikikolea kila mtu nyumbani anataka kusaidia: watoto wametoka shule, jirani amepita, binamu amekuja kutembea. Wakaribishe, lakini wape kubeba, kujaza udongo, kusukuma toroli. Wa kuchomoa miembe kwenye tuta awe mmoja, naye asome bati kwa sauti mbele ya mteja. Mteja akiubadilisha mche na kuurudisha, usirudi tutani ovyo. Uwekwe pembeni hadi huyo mmoja aurudishe mahali pake.

Daftari ni la mama. Arbuni, deni, nani amewekewa nini, yote humo, hata pesa zikija kwa M-Pesa. Ndugu nao huandikwa. Nimeona familia zikinuniana mwaka mzima kwa sababu ya miche ambayo mmoja aliihesabu zawadi na mwingine mkopo.

Haya yote yanawezekana tu ikiwa matayarisho hayakusubiri mawingu. Kokwa za embe hupoteza uhai upesi, kwa hiyo tunazikusanya maembe yanapojaa, Desemba hadi Februari, tunatoa ganda gumu na kuzifukia zingali mbichi. Miche hiyo ndiyo itakayobebeshwa shina likifika unene wa penseli, na kuuzwa masika ya mwaka unaofuata. Wiki chache kabla ya mvua tunaitoa kidogokidogo kwenye kivuli cha makuti ili izoee jua. Mche uliolelewa kivulini tu, ukipelekwa shamba wazi la Langobaya, majani yanaungua jua likichomoza kati ya mvua mbili.

Mwaka jana alikuja mama mmoja, lori lake limeshasimama barabarani. Akaonyesha miembe ambayo kiungo chake kilikuwa hakijashika vizuri.

"Mama, hii bado," mke wangu akamwambia.

"Mwanangu, mvua itanisubiri?"

"Haitakusubiri, mama. Chukua mipapai na mikorosho leo. Mashimo ya miembe yachimbe, changanya samadi debe moja kila shimo, yakae. Hii nitakuwekea."

Alinung'unika, akalipa arbuni, akaja kuichukua. Kumwambia mteja hapana huku ameshika pesa mkononi ni kazi ngumu, na kwenye familia lazima wote mkubaliane kabla, la sivyo mmoja atakataa na mwingine atauza nyuma ya nyumba.

Mteja asiondoke bila maelekezo hata kama foleni imefika barabarani. Mwembe: shimo la sentimita 60 kila upande, nafasi mita 8 hadi 10, kifuko kiondolewe chote, kiungo kisifukiwe. Mpapai: panda mitatu shimo moja, ikichanua uache wa kike, na shambani ubakishe madume machache. Chini ya dakika mbili umemaliza.

Mvua zikikatika, miche iliyobaki tunaihamishia vifuko vikubwa na kukata mizizi iliyotoboa chini. Kila mara ipo michache iliyopoteza bati, na hakuna mwenye hakika nayo. Hiyo haipewi jina. Tunaiuza kama mwembe wa kivuli, kwa bei ya kivuli, na mnunuzi anaambiwa kwa nini.