Kwa mnaoanza karakana ya miguu bandia: ulizeni kwanza kama goti lipo

Wadogo zangu mnaoingia kwenye fani hii, iwe chuoni TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC Moshi, kinachofundisha tangu 1981, au karakana ya hospitali ya mkoa, wiki za mwanzo mtamiminiwa istilahi. Mgonjwa akiingia, iwe ni kisukari kilichomkata au bodaboda, anzeni na swali moja: goti lake lipo?

Aliyekatwa chini ya goti, kupitia muundi, huitwa transitibia. Aliyekatwa juu yake, kupitia paja, ni transifemora. Mwenye goti lake huinuka kitini na kupanda ngazi kwa misuli yake mwenyewe. Aliyelipoteza hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua, na goti bandia la kawaida halimwinui. Kwa hiyo daktari anayelipigania goti, hata kama atabakiza kigutu kifupi chini yake, mpeni heshima yake.

Wapo pia wanaokatwa kwenye kiungo chenyewe. Goti likitenganishwa bila kukata mfupa wa paja, ncha ya kigutu inaweza kubeba uzito, lakini goti bandia hukaa chini kuliko lile zima na mtu akiketi huonekana. Kwenye kifundo kuna upasuaji wa Syme, uliopewa jina la James Syme wa Edinburgh, aliyeueleza mwaka 1843. Nyama ya kisigino huachwa ifunike mfupa, na wengi huweza kwenda msalani usiku bila kuvaa mguu. Mkononi mantiki ni hiyohiyo, kiwiko kikishika nafasi ya goti. Mkono bandia wa kebo huendeshwa kwa kuvuta kebo hiyo kwa bega.

Sasa soketi, yaani sehemu inayopokea kigutu. Hapa ndipo nawaomba mtumie muda wenu mwingi, maana mguu mzuri wenye soketi mbaya huishia uvunguni mwa kitanda. Kwa transitibia, mzigo ubebwe na kano iliyo chini ya pia ya goti, ubavu wa ndani wa muundi na misuli ya nyuma. Msikandamize kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, kwani neva hupita hapo, wala ukingo wa mbele wa muundi, wala ncha ya kigutu. Kabla ya bendeji ya plasta, tafuteni kila mfupa kwa vidole na muuwekee alama. Mkishapata mfano wa plasta, yaani nakala ya kigutu, ongezeni plasta penye mfupa, mpunguze panapobeba mzigo. Ndipo shiti ya plastiki ya polipropilini, ile teknolojia iliyoenezwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ipashwe moto kwenye oveni na kuvutwa juu ya mfano huo kwa pampu.

Yaliyobaki mtayazoea kwa mikono. Suspensheni ni kinachoushikilia mguu usichomoke: mkanda juu ya goti, mkanda wa kiunoni, au laina, yaani soksi laini ya kuvaa kwenye kigutu, yenye pini. Pailoni ni bomba linalounganisha soketi na wayo. Alaimenti ni jinsi vipande hivyo vinavyopangwa kuelekeana, na haikamiliki mpaka mgonjwa atembee mbele yenu. Soksi za kigutu huongezwa mchana kigutu kinaponywea; mfundisheni mzee huyo au mama huyo kujiongezea mwenyewe nyumbani.

Jambo moja lisisubiri karakana. Nendeni wodini mapema. Huko mtakuta mto umewekwa chini ya kigutu kwa huruma, na huruma hiyo hukunja kiungo kikakaza hivyohivyo. Aliyekatwa juu ya goti alale kifudifudi kwa vipindi kila siku, iwapo hali yake inaruhusu, ili nyonga inyooke. Aliyekatwa chini ya goti alinyooshe, asiliache likining'inia kitandani. Nyonga ikishakaza vibaya, alaimenti haiwezi kufidia yote. Waelezeni na wanaomuuguza, kwa sababu mara nyingi mto huo wameuweka wao.