Mafuriko yakikata umeme, usikubali kulanguliwa

Mvua kubwa ikipiga Mwanza, Mto Mirongo ukafurika na nguzo zikalala, bei ya uniti ya TANESCO, shirika la umeme, haisogei. Bei hiyo hupangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na hakuna wakala mwenye ruhusa ya kuipandisha kwa sababu ya mvua. Kinachoruka ni umeme wa pembeni: wa mwenye nyumba mwenye mita ndogo ya kumpimia mpangaji, wa kibanda cha kuchaji simu, wa jenereta ya jirani, na ule wa "kuharakishiwa" na vishoka, mafundi wasio rasmi. Anayepigwa huko mara nyingi ni yule ambaye hakuwa na hesabu kichwani.

Hesabu ni hii. Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Weka VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unafika 356 na senti. Elfu kumi inakupa uniti 28. Manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa pia kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo 20,000 hutoa uniti 52 hivi badala ya 56. Ujumbe wa LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, huonyesha kila makato, usiufute.

Mwenye nyumba akikutoza 600 kwa uniti, muombe ujumbe huo, ugawanye mwenyewe pesa kwa uniti. Kisha ipime mita ndogo, maana wizi mwingine umo humo. Zima kila kitu, hata chaja. Tazama maandishi kwenye uso wa mita: 1600 imp/kWh au 3200, yaani mipepeso ya taa kwa uniti moja. Chemsha birika la umeme la wati 2,000 lenye maji lita moja na nusu, hesabu mwanga mwekundu unavyopepesa kwa dakika tatu kamili. Hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti, kwa hiyo mita ya 1600 ipepese kama mara 160. Ikipungua, huenda umeme wa mtaa ni hafifu. Ikizidi sana, mita ina kasoro au kuna waya wa mtu mwingine umepita kwako. Usitumie pasi kwa jaribio hili: inajizima na kujiwasha, hesabu itakudanganya.

Weka akiba ya uniti kabla ya masika. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulikwama siku kadhaa nchi nzima, na aliyebakiwa na uniti mbili alihangaika. Ila walio kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, wawe makini: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato, zinazozidi ni 350 kila moja. Ukikurupuka kununua uniti 150 kwa mpigo umejilangua mwenyewe. Gawanya manunuzi kwa miezi, ingiza tokeni kwenye mita, piga picha salio.

Sasa kuchaji simu. Simu 20 kwa saa mbili hula kama nusu uniti. Jenereta ya kVA 2.5 yenye mzigo mdogo hivyo hunywa lita moja hivi. Tuseme lita ni 3,000: kila simu imekula mafuta ya 150. Ongeza oili na muda wa mwenye kibanda, 300 hadi 500 ni bei ya haki. Akitaka 2,000, anauza shida yako. Lakini tumtendee haki: simu zikiwa tano tu, mafuta hayapungui sana, na kila moja inabeba karibu 600. Dawa yake ni kukusanya simu za nyumba kadhaa, zichomekwe kwa mkupuo mmoja, bei ikubaliwe kabla injini haijavutwa. Petroli nunueni kituoni, ambako bei kikomo ya EWURA hutangazwa kila mwezi. Ya madumu kando ya barabara haina kikomo, na wakati mwingine imechanganywa na mafuta ya taa.

Ukinunua umeme wa jenereta ya jirani, kataa waya wenye plagi dume pande zote mbili. Unarudisha umeme kwenye laini, na fundi aliye juu ya nguzo anaweza kufa.

Vishoka hujitokeza maji yakipungua. Laini hadi mita ni ya TANESCO, waya wa ndani ni wako. Anayetaka "ya soda" ili awashe transfoma, mdai kitambulisho na namba ya malipo ya serikali. Pesa isiende kwenye simu yake. Toa taarifa ofisi ya TANESCO ya wilaya, ondoka na namba ya taarifa hiyo. Wasipokusikiliza, peleka namba, ujumbe wa LUKU na picha za mita kwenye ofisi ya EWURA Kanda ya Ziwa, hapo hapo Mwanza.