Mama anasahau: ni uzee au ni maradhi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 68 na anatumia dawa za kisukari kwa muda mrefu. Tangu mwaka jana anauliza jambo lile lile mara tatu kwa saa moja, anatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, na juzi alipotea akirudi kutoka sokoni. Ndugu wengine wanasema ni uzee, wengine wanataka apelekwe kwa mganga. Nifanye nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kusahau jina la mtu kisha ukalikumbuka baadaye ni kawaida kadiri umri unavyosonga, lakini kupotea kwenye njia aliyoizoea si uzee wala si uchawi. Ni dalili, na mama anastahili kupimwa.

Wengi hufikiria mara moja ugonjwa wa Alzheimer, ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, na ambao ndio chanzo kikubwa zaidi cha demensia, yaani akili kudhoofika hadi mtu ashindwe kujitegemea. Ugonjwa huo hadi sasa hauponi. Hata hivyo, kwa mama yako ningeanza kutafuta yanayotibika. Metformini, dawa ya wagonjwa wengi wa kisukari, ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta usahaulifu pamoja na ganzi ya miguu; kipimo cha damu huubaini, na hutibiwa kwa sindano au vidonge. Sukari inayoshuka mara kwa mara, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu, sonona, baadhi ya dawa za usingizi, na damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, navyo huvuruga kumbukumbu. Shinikizo la damu pia lipimwe, kwa kuwa likipanda huweza kuleta viharusi vidogo vinavyopita bila kujulikana na kudhoofisha kumbukumbu.

Mpeleke hospitali na dawa zake zote, hata za dukani, lakini asiache yoyote kabla ya kuonana na daktari. Akichanganyikiwa ghafla, hasa akiwa na homa, aende siku hiyo hiyo. Nyumbani, anaporudia swali, mjibu tena kwa upole; kumwambia “si nimekwishakujibu?” humtia hofu na aibu, wala hakumrudishii kumbukumbu.