Mwanangu ana pumu ya Iraq: akirudi Moshi, nani atalipia dawa?

SWALI: Sista, habari za siku nyingi. Mwanangu alipata bahati nasibu ya green card, akaenda Marekani, akajiunga na jeshi. Walimpeleka Iraq, kambi ya Balad. Alitoka hapa mzima, leo ana pumu. Kwenye kundi la ukoo huko WhatsApp hakukaliki: huyu anasema wanasiasa waliwanyima maveterani fedha za matibabu, yule anasema hospitali zao zitafungwa. Mimi nataka kijana arudi nyumbani. Kipi ni kweli, na akirudi atatibiwa kwa fedha ya nani? – Mzee wa Kibosho, Moshi

JIBU: Kaka, pole na mgonjwa. Unesi nimeufanya Marekani mpaka nikastaafu, na wagonjwa wangu wengi walikuwa wazee wa vita vya Vietnam, kwa hiyo ubishi huo wa ukoo nimeusikia sana, tena wodini.

Balad ilikuwa na mojawapo ya mashimo makubwa ya kuchomea taka. Plastiki, rangi, matairi, hata taka za hospitali, vyote vilimwagiwa mafuta ya ndege vikawashwa, moshi ukashukia mabweni. Kwa miaka mingi askari aliyeugua ilibidi athibitishe kwamba ni moshi ule uliomdhuru. Utathibitishaje moshi? Sheria iitwayo PACT, aliyoisaini Rais Biden tarehe 10 Agosti 2022, iliwaondolea mzigo huo. Pumu iliyogunduliwa baada ya kutoka jeshini imo kwenye orodha ya magonjwa yanayokubaliwa bila ushahidi huo, na Iraq imo kwenye orodha ya nchi.

Huyo anayesema walinyimwa hajatunga. Juni 2022 Seneti ilipitisha muswada huo kwa kura 84 kwa 14. Uliporudi mwezi uliofuata kwa sababu ya kifungu kidogo cha kodi, maseneta kadhaa wa Republican waliokuwa wameuunga mkono wakageuka, na tarehe 27 Julai ukakwama. Maveterani wakalala nje, kwenye ngazi za Bunge, na mchekeshaji Jon Stewart akiwa pamoja nao, akiwasema maseneta hadharani. Tarehe 2 Agosti ukapita, 86 kwa 11.

Hoja ya Seneta Pat Toomey wa Pennsylvania ilikuwa ya hesabu. Kuna fedha ambazo Bunge huziidhinisha upya kila mwaka, na kuna zile ambazo sheria inalazimisha zilipwe. Alisema muswada unahamisha takriban dola bilioni 400 za miaka kumi kutoka fungu la kwanza kwenda la pili, ili nafasi inayobaki wenzake waijaze matumizi mengine. Hoja ina uzito, sikatai. Kodi kule nimelipa. Lakini mgonjwa wa saratani ya mapafu kusubiri kila Septemba aone kama bajeti imepita, hapo sikubaliani naye. Na kama hesabu ilikuwa mbaya, Juni walipigia kura nini?

Habari ya hospitali kufungwa ina mzizi wake pia. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba katika hospitali ya serikali ya maveterani huko Phoenix, Arizona, orodha za kusubiri daktari zilichezewa, na waziri wa maveterani, Eric Shinseki, akajiuzulu. Sheria ya MISSION ya 2018 ikaruhusu veterani atibiwe na daktari binafsi kwa gharama ya serikali, kwa mfano akiambiwa asubiri zaidi ya siku 20 kumwona daktari wa kawaida, au 28 kumwona bingwa. Wengine wanauita uhuru wa mgonjwa. Wengine wanaona kila dola inayotoka nje inapunguza madaktari ndani, hadi siku moja jengo libaki tupu. Mimi niko na hawa wa pili: madaktari wa nje niliowaona wakipokea wazee wetu walikuwa wazuri, ila wachache waliuliza, "Mzee, ulipigana wapi?"

Sasa la kwako. Serikali ya Marekani ina mpango wa kulipia matibabu ya maveterani wanaoishi nje ya nchi, Tanzania ikiwemo, na hospitali anachagua mwenyewe hapo Moshi. Lakini unalipia ugonjwa ule tu uliotambuliwa rasmi kuwa umetokana na utumishi. Akivunjika mguu kwenye bodaboda, hilo ni lenu.

Kwa hiyo asikate tiketi bado. Kwanza apeleke madai ya pumu chini ya PACT akiwa kule, akiambatisha DD-214, karatasi ya kuachia jeshi, na vyeti vya daktari. Nilikuwa na mzee mmoja wa Vietnam aliyekuja na ya kwake ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, na jina la kikosi chake liko palepale penye tundu. Kijana atoe nakala, akuachie moja. Jibu likija kwa maandishi, ajisajili kwenye huo mpango, ndipo aje. Hapa mara nyingi mtalipa kwanza kisha mrudishiwe, basi kila risiti iwe na jina la ugonjwa, jina la dawa na muhuri wa hospitali.