Usianze na "Hao Si Waislamu"

Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, nilipanda matatu Nairobi nimevaa kanzu, begi mgongoni. Mama niliyekaa naye alilitazama lile begi, akanitazama mimi, akamwambia makanga amshushe hapo hapo. Ndani mlikuwa na chupa ya chai na madaftari ya wanafunzi wangu.

Nikafika nyumbani nimefura. Jirani yangu, Mkamba wa Kitui, alipoitaja tu Garissa nikamkatiza: "Hao si Waislamu!" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema mtoto wa dada yake anasoma kule, ametoka salama lakini usingizi hana. "Ndugu yangu, dini yako sijaiuliza."

Niliona haya. Tangu siku ile naanza na pole. Watu 148 waliuawa, na wauaji walikuwa wakiwatenga Wakristo, hilo usilizungushe. Al-Shabaab, kundi la Somalia lililofanya shambulio hilo, wanajinadi kwa jina la dini, na ukilikana hilo mwenzio atadhani kuna kitu unakificha. Ukishakubali, atakusikiliza unapomwambia kuwa kundi hilo hilo limeua Waislamu wengi mno Somalia. Atasikia pia habari za basi la Mandera lililovamiwa na Al-Shabaab, Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa Waislamu hao, alipigwa risasi pale, akafariki mwezi uliofuata. (Zamani nilikuwa nalitoa jina lake kama karata ya turufu, kila ubishi. Nimeacha.)

Nawe usiye Mwislamu, chunga neno "nyinyi". "Nyinyi mnataka nini hasa?" aliulizwa muuza mahamri wa mtaani kwetu, mtu ambaye siku hiyo alitaka tu unga ushuke bei. Wengi wetu tunaukumbuka msako wa polisi wa 2014 Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, watu wakijazwa uwanja wa Kasarani, kwa hiyo swali la namna hiyo linatufikia kwa sauti ya askari. Taja kundi, taja tukio, uliza unalotaka kujua.

Jirani yangu huuliza. Idd iliyopita, paja la kuku mkononi, alitaka nimweleze jihadi ni nini. Nilijibu ninachokijua, mengine nikamwambia twende kwa maalim. Tulikwenda Jumamosi, tukaambiwa amesafiri Lamu.