Plani ya afya ya akili kwa video: maswali yenu ya mwezi huu (na yale yale ya mwezi jana)

Haya, inboksi imejaa tena na nusu yake ni swali moja limevaa nguo tofauti: naipataje plani ya afya ya akili bila kutoka nyumbani. Kwa mgeni aliyeingia leo, tunaongelea huku Australia, ule mpango wa matibabu ambao GP, yaani daktari wa familia, anauandika na wewe ili Medicare, yaani bima ya afya ya serikali, ikurudishie sehemu ya hela ya mwanasaikolojia, vikao hadi 10 kwa mwaka. Mengine mnayajua, twende.

Dada, nimeona tangazo la kliniki ya mtandaoni, unajaza fomu, dakika kumi na tano plani iko kwenye email. Niende nayo? (Logan, Queensland)

Mdogo wangu, hili nimelijibu mwezi jana na mwezi juzi, mkisoma tangazo someni na mimi basi. Tangu tarehe 1 Novemba 2025 mambo yamebadilika. Medicare inalipia plani iliyoandikwa kwenye kliniki uliyojiandikisha kwa MyMedicare, yaani ule utaratibu wa Medicare wa kuichagua kliniki moja iwe yako, au na daktari wako wa kawaida, yule ambaye yeye au kliniki yake ndo wamekuhudumia zaidi kuliko wengine miezi 12 iliyopita, au ndo watakaokuhudumia zaidi miezi 12 ijayo. Iwe uso kwa uso, iwe kwa video, sharti ni hilo hilo. Sa huyo daktari wa kwenye tangazo anakujulia wapi? Unaweza ukalipa, ukapata PDF nzuri yenye nembo, ukafika kwa mwanasaikolojia ukaambiwa Medicare hairudishi hata senti.

Na hata kama ingekuwa inarudisha, mi ningekukataza. Plani siyo cheti cha kuzaliwa, ni mazungumzo ambayo mwisho wake kuna karatasi. Mtu aliyesoma tiki zako kumi kwenye fomu hajui kama umetoka kuzaa juzi, kama unatumia dawa za presha, kama mwaka jana ulifiwa na mama ukashindwa kwenda msibani kwa ajili ya viza. Bodi ya Madaktari yenyewe tangu Septemba 2023 imeshasema kuandikia mtu dawa kwa kusoma fomu tu bila kuongea naye siyo kazi nzuri ya udaktari. Shida yetu tunahama kliniki kama tunavyohama daladala, popote penye nafasi na pasipo na kulipa tunapanda, afu siku ya siku hakuna daktari hata mmoja anayejua jina letu.

Njia yenyewe si ngumu. Chagua kliniki moja. Ukishakwenda mara mbili uso kwa uso ndani ya miezi 24 unaweza kujiandikisha MyMedicare, bure, kwenye app ya Medicare au kwa fomu pale risepsheni. Afu piga simu useme hivi: nataka apointimenti ndefu ya afya ya akili kwa video. Sema NDEFU. Plani inaanzia dakika 20, ukibuku ile ya kawaida daktari atakusikiliza dakika kumi huku anaangalia saa, atakwambia rudi wiki ijayo, na we utasema madaktari wa huku hawajali.

Kwenye video daktari anauliza nini? Naogopa kufeli.

Hakuna kufeli jamani. Mara nyingi kuna dodoso linaitwa K10, maswali 10 kuhusu wiki nne zilizopita, kila moja unajibu kuanzia "hakuna hata mara moja" mpaka "muda wote", alama zinatoka 10 mpaka 50. Halichukui muda. Kazi iko kwenye kuelewana.

Nikwambie yangu. Nilifanya kwenye gari, nimepaki nyuma ya supamaketi maana nyumbani watoto wana masikio kama ya sungura, simu nimeiegemeza kwenye usukani. Swali la kwanza kabisa: ni mara ngapi umejisikia umechoka bila sababu ya maana. Mimi nikamjibu daktari sijawahi, kila nikichoka sababu ninayo, nafanya shifti nne za usiku kwenye nyumba ya wazee na asubuhi napeleka watoto shule. Akaandika "hakuna hata mara moja". Tukaendelea hivo hivo, kila swali nina sababu nzuri, mpaka alama zangu zikatoka za mtu aliyerudi likizo Zanzibar! Bahati nzuri ananijua miaka. Akavua miwani akaniuliza, mara ya mwisho umecheka lini. Nikaanza kulia pale pale, mtu anapita na toroli ananiangalia.

Kwa hiyo msijieleze kwa sababu, jielezeni kwa hali. Na lugha zetu zinatuponza, ukisema "moyo unaenda mbio" utapelekwa kupimwa moyo, ukisema "nina mawazo" wataelewa una fikra tu, wakati kila Mswahili anajua mtu mwenye mawazo ni mtu aliyelemewa. Malizia sentensi. Sema nina mawazo mpaka silali, naamka saa tisa usiku, chakula hakipiti, nimeacha kwenda kanisani au msikitini, nawafokea watoto bila kosa. Hivyo ndo vitu anavyoandika.

Mama, mimi ni wa Mildura, Kingereza bado kinanipiga chenga. Binti yangu wa miaka 11 anakijua vizuri sana, naweza kukaa naye kwenye video atafsiri? Naota vita kila usiku.

Hapana mama. Nasema kwa upendo lakini nasema hapana. Unayoyaota ndo hayo hayo ambayo miaka yote umemficha binti yako, leo uyapitishe kwenye mdomo wake? Na we mwenyewe hutayasema, utasema "mwambie daktari silali vizuri", basi, imeishia hapo, na plani itaandikwa ya mtu asiyelala vizuri.

Mkalimani yupo na kwa daktari ni bure. Wakati wa kubuku waambie unataka mkalimani wa TIS, huduma ya serikali ya wakalimani, namba yao ni 131 450, masaa 24, wa Kiswahili wapo, wa Kirundi na Kinyarwanda wapo. Najua unachowaza, mkalimani atakuwa mtu tunayekutana naye kwenye harusi. Mji mdogo, nakuelewa. Omba mkalimani wa simu na siyo wa kuja, omba awe wa jimbo lingine, omba mwanamke, na mwambie daktari asitaje jina lako. Unaruhusiwa kuomba yote hayo.

Na kingine hujauliza ila nakwambia. Kwa waliopitia vita na mateso kuna huduma maalumu, bure, wala hazihitaji hii plani wala hazikuhesabii vikao 10. Kwenu Victoria ni Foundation House, New South Wales ni STARTTS, Queensland QPASTT, Western Australia ASeTTS, South Australia STTARS. Watu wanahangaika na plani miezi mitatu na hawa wapo. Anza nao.

Niaje auntie, mimi ni student Melbourne, natokea Nairobi. Naeza pata hiyo plan online?

Poa. Hapana, huna Medicare, una OSHC, ile bima ya afya ya wanafunzi wa kigeni. Nenda kwa washauri wa chuo chako, kwa kawaida ni bure, afu ipigie bima yako uwaulize mwanasaikolojia wanalipia kiasi gani KABLA ya kubuku.

Plani inaexpire?

Haiexpire. Vikao ndo vinaisha.

Nimelipa dola 230 na nilidhani plani inafanya iwe bure. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, hukuuliza. Mwanasaikolojia anajipangia bei, Medicare inarudisha kiwango chake tu, kama dola 145 kwa yule wa klinikali na kama dola 99 kwa wengine, kwa kikao cha dakika 50 na zaidi. Kinachobaki ni chako. Wapo wanaoichaji Medicare moja kwa moja bila kukudai, wachache na foleni ndefu, ila wapo, na kwa kuwa vikao navyo vinaruhusiwa kwa video si lazima awe wa mtaani kwako, we uko Perth yeye yuko Sydney sawa tu. Nawajua watu waliompata anayeongea Kiswahili kwa njia hiyo. Uliza mambo mawili kwenye simu ya kwanza: mnachaji ngapi, narudishiwa ngapi. Na kumbuka barua ya rufaa ya kwanza ni vikao visivyozidi 6, baada ya hapo unarudi kwa daktari ndo upate vilivyobaki.

Nikiandikiwa plani, Uhamiaji watajua? Citizenship itakwama? Watoto watachukuliwa?

Haya maneno ya kwenye magrupu ya WhatsApp yatatuua. Plani haipelekwi Uhamiaji. Ombi la uraia halina kipimo cha afya. Na mama anayetafuta msaada hanyang'anywi watoto kwa kutafuta msaada. Daktari anavunja siri kwa mambo machache, kama maisha ya mtu yako hatarini au kuna mtoto anaumizwa, na hapo plani iwepo isiwepo angesema tu.

Mnachotakiwa kuangalia hamkiulizi. Ukiomba bima ya maisha au ya kipato, fomu inaweza kukuuliza kuhusu matibabu ya akili. Usidanganye, maana siku ya kudai watafukua.

Dada, mume wangu anakaa karibu nikiongea na daktari kwenye video. Nifanyeje?

Usifanye kwa video. Mwambie risepsheni unataka kuja mwenyewe, hawatauliza kwa nini. Kama huwezi kutoka, mwanzo wa simu daktari akiuliza uko peke yako, jibu ukweli kwa neno moja, "hapana", ataelewa na atabaki kwenye maswali ya ndiyo na hapana. Ukiwa na nafasi piga 1800 737 732, ya wanaonyanyaswa nyumbani, na wao watakuunganisha na mkalimani. Ikiwa ni hatari ya sasa hivi ni 000, usingoje daktari. Na yeyote anayewaza kujitoa uhai, wala usinisubiri mimi nijibu mwezi ujao, Lifeline 13 11 14, usiku na mchana.

Na we dada uliyeniuliza hili la mume, futa ujumbe ulionitumia kwenye simu yako.

Nikikutumia dalili zangu WhatsApp utanijazia K10?

Hapana.